Kuoka Chumbani Si Kosa

Karibu kila karatasi ya mapatano anayopewa mwanafunzi anapopanga chumba Kikoni, Nankulabye, Wandegeya au Kasubi ina sharti linalofanana: chumba hiki ni cha kuishi tu. Wengi wetu hutia sahihi bila kuuliza kuishi maana yake nini. Katika makala hii nitauliza. Ninadai kwamba sharti hilo, jinsi linavyotumiwa hapa Kampala, ni chombo cha kumkamua mpangaji. Halilindi nyumba, halilindi majirani, wala halimlindi mlaji. Na mtu anayeoka keki arobaini ndani ya chumba anachokilipia hatendi kosa lolote. Anaishi, kwa sababu mjini hapa huwezi kuishi bila kutafuta.

Huenda msomaji tayari ameula ushahidi wangu. Keki iliyokatwa kwenye mahafali ya binamu yako, ile iliyopangwa ghorofa tatu kwenye kwanjula ya dada yako, na zile ndogo zilizopitishwa kwenye sahani wakati wa semina ya idara, nyingi hazikutoka kwenye duka lenye kioo na taa. Zilitoka kwenye chumba cha mtu, karibu na kitanda chake. Wahadhiri wetu wanajua, maana wao ni wateja wazuri na hulipa kwa simu bila kusumbua. Mwenye nyumba naye anajua. Ni mkataba peke yake unaojifanya haujui.

Tukubaliane kwanza tunazungumza juu ya nani. Simtetei mwenye tanuri la matofali linalotoa mikate elfu moja kila usiku huku lori likisubiri mlangoni. Huyo ana kiwanda, na kiwanda kina mahali pake. Namtetea mwanafunzi mwenye jiko la makaa na sufuria nzito iliyotandikwa mchanga, yenye mfuniko unaobeba makaa mengine juu ili keki iive pande zote mbili. Namtetea mwenye oveni ndogo ya umeme iliyowekwa juu ya meza ile ile anayosomea. Namtetea pia mwalimu wa shule binafsi ambaye mshahara wake ulikatika shule zilipofungwa Machi 2020, na ambaye hadi shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022 alikuwa amekwisha kujifunza kazi nyingine. Wengi wa walimu hao waliingia kwenye mandazi, chapati na keki, na wapo ambao hawakurudi tena ubaoni.

Biashara yenyewe ni ndogo kiasi gani? Nitoe hesabu ya chumba chetu, mimi na mwenzangu, maana hesabu haina maneno mengi. Kilo moja ya unga wa ngano hutugharimu shilingi 5,000, nusu kilo ya sukari 2,500, nusu kilo ya majarini 7,000, mayai kumi 5,000, bekingi pauda, vanila na vikombe vya karatasi 3,000, na makaa 3,000. Jumla ni shilingi 25,500. Tunapata kwinikeki 44. Tunauza mbili kwa 1,500, yaani shilingi 33,000 zikiisha zote. Faida ni 7,500, nayo tunagawana wawili. Tukioka mara nne kwa wiki tunapata faida ya 30,000. Kwa mwezi inakaribia 120,000, pungufu kidogo ya nusu ya kodi ya chumba. Hii ndiyo biashara inayoambiwa kwamba imekigeuza chumba kuwa soko.

Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda ina akili zaidi kuliko mikataba yetu. Inasema kwamba mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 10 hadaiwi kodi hiyo. Sisi, hata tukioka wiki zote 52 bila mtihani, bila malaria na bila mvua ya kuzima jiko, mauzo yetu hayafiki milioni 7. Serikali imetutazama ikaona kwamba hapa hakuna cha kukata. Mwenye nyumba ametutazama akaona pato.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua kwamba lugha hii hutumia neno moja, kodi, kwa pesa anazodai mwenye nyumba na kwa pesa inazodai serikali. Sikuwahi kulifikiria neno hilo hadi nilipoona jinsi mpangaji anayeoka anavyotozwa na mwenye nyumba kana kwamba mwenye nyumba ni serikali. Nieleze.

Chumba chetu kilikuwa cha shilingi 250,000 kwa mwezi. Tuliishi humo miezi minane bila ugomvi. Mwangalizi wa nyumba alikuwa akinunua kwinikeki zetu kila Jumamosi, na mara mbili alizichukua kwa mkopo. Siku moja alikuja bila kutaka keki. Alisimama mlangoni akasema, "Bannyabo, mwenye nyumba amesikia mnafanya biashara humu. Kuanzia mwezi ujao ni 350,000, au mtoe jiko." Nikamjibu, "Ssebo, jiko hili umelijua tangu tulipohamia." Akacheka, akasema yeye ni mtu wa kutumwa tu, na kwamba kama biashara ipo, pesa ya kuongeza ipo.

Tazama vizuri agizo hilo. Kama jiko lilikuwa hatari kwa nyumba, shilingi 100,000 za nyongeza zingeipunguza vipi hatari hiyo? Kama moshi uliwaudhi majirani, majirani wangepata nini kutokana na pesa hizo? Mwenye nyumba hakudai tununue kizimamoto. Hakudai tuhamishie jiko uani. Alidai sehemu yake ya keki. Sharti la "kuishi tu" lilikuwa limelala kwenye karatasi miezi minane, likaamshwa siku ambayo liliweza kuleta pesa. Ndiyo maana nimesema ni chombo cha kukamua. Sharti la usalama hufanya kazi tangu siku ya kwanza, tena kwa kila mtu.

Na je, sheria inasemaje? Uganda ina Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Wanafunzi wengi hawajawahi kuisikia, na baadhi ya wenye nyumba wanaomba tusiisikie. Sheria hiyo inataka mapatano ya upangaji yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe katika maandishi. Chumba cha 250,000 kwa mwezi hufikia kiasi hicho kwa miezi miwili. Inaweka kikomo cha kuongeza kodi: asilimia 10 kwa mwaka. Kwetu sisi asilimia 10 ni shilingi 25,000. Tuliyoambiwa tulipe ilikuwa asilimia 40. Tena sheria inamtaka mwenye nyumba apitie mahakamani kabla ya kumfukuza mpangaji. Kung'oa mlango au kuezua bati, mambo tunayoyajua mitaani, si njia halali.

Kwa hiyo mpangaji analindwa? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini mpangaji anayeoka huogopa kuutumia ulinzi huo. Akienda kwa mwenyekiti wa LC1 kulalamika juu ya asilimia 40, ataulizwa kwanza kuhusu jiko. Mwenye nyumba atatoa karatasi na kuonyesha kidole kwenye sharti la kuishi tu, na mlalamikaji atageuka mshtakiwa. Huu ndio ubaya wa sharti hilo kuliko wote. Linamnyang'anya mpangaji haki zake nyingine zote, kwa kuwa linamfanya aonekane mkosaji kabla hajafungua kinywa. Ukimfanya mtu mkosaji katika jambo moja dogo, utamwibia katika mambo makubwa naye atanyamaza.

Katiba yetu ya 1995, ibara ya 40, inampa kila mtu nchini haki ya kufanya kazi yake na kuendesha shughuli, biashara au kazi yoyote iliyo halali. Ibara haisemi kwamba haki hiyo ni ya wenye vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine cha kuchuma. Mgawanyo wa nyumba ya kuishi na nyumba ya biashara unaeleweka kwa mtu mwenye uwezo wa kulipia zote mbili. Kwa mwenye chumba kimoja, mgawanyo huo humwambia achague: alale au ale.

Waganda huviita vyumba vyetu hivi mizigo. Mwanafunzi wa Kiswahili akisikia hivyo mara ya kwanza hucheka, maana kwetu mzigo ni kitu cha kubeba kichwani. Lakini katika Luganda muzigo ni samli au siagi pia. Watu waliounda lugha hawakuona ajabu neno moja likae penye mlango na penye chungu. Nyumba ambayo haitoi kitu cha kula, hiyo ndiyo mzigo kwa maana ya Kiswahili.

Sasa nije kwenye madhara, maana watu watasema kwamba hata kama sharti si la haki, angalau linapunguza hatari. Linaongeza. Marufuku haijawahi kuzima jiko la mtu mwenye njaa, hulifungia ndani. Anayeruhusiwa kuoka huweka jiko lake kwenye veranda au uani, hewa ikipita, majirani wakimwona. Anayekatazwa huoka saa tisa za usiku, mlango umefungwa na nguo zimezibwa chini ya mlango ili harufu ya vanila isimfikie mwangalizi. Kila mtu Kampala anajua makaa yanafanya nini ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake haina harufu wala rangi, na haimwamshi mtu. Kila mwaka tunasikia habari za watu waliolala na jiko la makaa wasiamke. Mwenzetu mmoja anayeishi mtaa wa pili alitolewa chumbani alfajiri na majirani, hawezi kusimama, keki zake zikiwa zimeiva vizuri kwenye sufuria. Alipona. Alipoulizwa kwa nini alifunga dirisha alijibu kwa maneno manne: "Niliogopa kusikiwa na mwangalizi." Nataka wanaolitetea sharti hili wayachukue maneno hayo manne na watueleze ni nani aliyelindwa usiku ule.

Nizijibu hoja za upande wa pili moja baada ya nyingine, kwa kuwa si zote za kipuuzi.

Hoja ya kwanza ni moto. Ni kweli jiko huweza kuunguza nyumba. Lakini jiko lile lile hupika posho na maharage kila siku katika vyumba vyote vya ua huo, na hakuna mwenye nyumba aliyepandisha kodi kwa sababu ya posho. Moto haujui kama chakula kilicho juu yake kitaliwa au kitauzwa. Kama tunaogopa moto, tuweke kanuni ya moto kwa wote: jiko likae wapi, mtungi wa gesi ufungwe vipi, ndoo ya mchanga iwe karibu.

Hoja ya pili ni umeme. Hapa mwenye nyumba ana haki ya kulalamika pale ambapo vyumba vyote hutumia mita moja. Oveni ya wati 1,500 ikiwaka kwa nguvu zote saa nzima hula yuniti moja na nusu, na si haki jirani anayewasha taa moja amlipie mwokaji. Dawa yake inajulikana: mita ndogo kwa kila chumba, au mita ya Yaka ya kila mpangaji. Lakini nani hataki mita ndogo? Mara nyingi ni mwenye nyumba. Bei ya umeme wa majumbani hapa Uganda imepangwa kwa ngazi. Yuniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa shilingi 250 kila moja ili kumsaidia maskini, na tangu 2022 kuna bei ya kupikia ya shilingi 412 kwa yuniti kuanzia ya 81 hadi ya 150, kusudi watu waache makaa. Vyumba kumi vikiwekwa kwenye mita moja, nafuu hiyo ya mtu mmoja hugawanywa kwa kumi, na yuniti zinazobaki hulipiwa kwa bei ya juu. Serikali ilimpangia mpangaji nafuu. Ua wa mita moja umeimeza. Halafu mpangaji huyo huyo hulaumiwa kwa kutumia makaa.

Hoja ya tatu ni usafi, na hii naiheshimu zaidi. Mwanzoni mwa 2015 homa ya matumbo ilienea hapa Kampala, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye maji na juisi zilizouzwa katikati ya jiji. Chakula kichafu huua, nasi hatuna haki ya kumuua mteja kwa kisingizio cha umaskini. Lakini tutofautishe vyakula. Keki kavu huiva ndani kwa joto linalokaribia nyuzi 100, ina maji machache, na hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Si sawa na juisi iliyotengenezwa kwa maji ya mferejini, wala si sawa na keki iliyojazwa krimu na kuachwa juani. Kanuni yenye busara ingesema: kavu ruhusa kuoka nyumbani, krimu na nyama hapana mpaka uwe na jokofu na ukaguzi. Tena wanaoshika chakula cha kuuza katika jiji hili hutakiwa kupimwa afya na kupata cheti. Ni sharti zuri. Mwokaji wa chumbani angependa kulitimiza, lakini anaogopa kwamba siku atakapojiandikisha ndiyo siku atakayoulizwa leseni ya biashara, na akiulizwa leseni ataulizwa biashara iko wapi, na jibu lake ndilo litakalomfukuzisha. Kwa hiyo hapimwi. Mlaji ndiye anayelipa gharama ya hofu hiyo.

Hoja ya nne husemwa na wenye maduka: sisi tunalipa leseni na kodi ya duka, nao wanatuharibia bei kutoka chumbani. Nawaelewa. Lakini ni wachache sana walioanza na kioo na taa. Ngazi hupandwa kutoka chini, na anayeiondoa ngazi baada ya kupanda hafanyi ushindani. Mwokaji akivuka kiwango fulani cha mauzo, na atoke chumbani, akate leseni na alipe kama wengine. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kumdai ada za mwisho kabla hajafika mwanzo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya vijana wasiotaka utaratibu. Kinyume chake, tunauomba utaratibu, na kwingine umewezekana. Tuanze na majirani zetu. Desemba 2018 Rais John Magufuli wa Tanzania alianzisha kitambulisho cha wajasiriamali wadogo, kwa shilingi 20,000 za Tanzania, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki milioni 4 kwa mwaka. Mpango huo ulikuwa na walalamikaji wake, hasa pale watendaji walipowalazimisha watu kununua kitambulisho, na siwezi kuutolea sifa zote. Lakini msingi wake ulikuwa sahihi: mama ntilie na muuza vitumbua walitambuliwa kwa kadi moja, kwa ada inayojulikana, bila kuulizwa kwanza wana fremu ya duka wapi. Mbali zaidi, jimbo la California nchini Marekani lilipitisha mwaka 2012 sheria ya vyakula vya nyumbani iliyoanza kutumika 2013. Inaruhusu mikate, biskuti na keki zisizo na krimu kuokwa katika jiko la nyumbani na kuuzwa, mradi mwokaji apate mafunzo ya usafi, aandike kwenye karatasi ya bidhaa kwamba imetengenezwa nyumbani, na asivuke kikomo cha mauzo. England na Wales nao, mwaka 2015, walirekebisha sheria yao ili mpangaji wa nyumba ya kuishi aweze kuendesha biashara ya nyumbani bila mkataba wake kugeuka mkataba wa biashara. Hofu ya mwenye nyumba ilijibiwa kwa sheria, badala ya kuachwa imwangukie mpangaji.

Hapa kwetu, badala yake, tunaimbiwa nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 2022 serikali ilizindua mpango wa PDM, unaotoa hadi shilingi milioni moja kwa kaya ili itoke katika uchumi wa kujikimu na kuingia katika uchumi wa pesa. Kaya! Serikali yenyewe imechagua nyumba kuwa mahali pa kuzalishia. Mwanzoni mwa mwaka huo huo KCCA iliwaondoa wachuuzi katika barabara za katikati ya jiji kwa jina la utaratibu wa biashara. Ukiuza barabarani unaharibu sura ya jiji. Ukiuza chumbani unavunja mkataba. Ukikodi duka, kodi ya miezi mitatu ya mwanzo inakula mtaji wote kabla hujanunua unga. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Jiji hili linawataka vijana wake wachume wapi, maana juani wamefukuzwa na kivulini wamekatazwa?

Chuo chetu nacho hakina mikono misafi katika jambo hili. Tunafundishwa ujasiriamali. Tunaambiwa kila muhula kwamba kazi za ofisini hazitoshi, tujiajiri, tuanze na tulicho nacho. Tunaandika mpango wa biashara wenye kurasa ishirini na kupewa alama. Kisha hosteli zilizo jirani zinapiga marufuku hata birika la umeme, na hakuna mhadhiri anayeuliza mpango ule wa kurasa ishirini utatekelezwa wapi. Tulicho nacho ni chumba. Anayetuambia tuanze na tulicho nacho atutetee tunapoanzia hapo.

Ninadai mambo manne.

Kwanza, KCCA ianzishe daftari la waokaji wa nyumbani katika ngazi ya parokia. Ada iwe ndogo, vyakula viwe vikavu tu, kipimo cha afya kiwe lazima, na mkaguzi awe na haki ya kuja mchana kwa taarifa. Kikomo cha mauzo kipo tayari katika sheria ya kodi: milioni 10 kwa mwaka. Hakuna haja ya kubuni kingine.

Pili, Bunge liongeze katika sheria ya 2022 kifungu kinachosema kwamba kazi ndogo ya mikono isiyobadilisha jengo, isiyoleta umati na isiyohatarisha jirani ni sehemu ya kuishi, na haiwezi kuwa sababu ya kupandisha kodi kupita asilimia 10 wala ya kumfukuza mtu. Mwenye nyumba abaki na haki ya kukataa moto usio salama. Asiwe na haki ya kuuuza ukataaji wake kwa shilingi 100,000.

Tatu, waokaji wenzangu, nasi tuna deni. Tuoke hewa inapopita. Tulipie yuniti zetu bila kufichana na jirani. Tupimwe afya hata kabla hatujalazimishwa, na tuandike tarehe kwenye kila pakiti. Anayeoka kwenye sufuria chafu anatuangusha wote, na siwezi kumtetea.

Nne, na hili liko ndani ya uwezo wetu wiki hii, bila Bunge wala KCCA. Mapatano ya vyumba tunayotia sahihi yameandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, ambacho hata mwangalizi anayetuletea hakielewi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya katiba ya 2005, nasi ndio tunaokisomea shahada. Tuandike mfano wa mkataba wa kupanga chumba, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, na wenzetu wa Luganda waufanye kwa Luganda. Uonyeshe kiasi cha kodi, kikomo cha kuiongeza, mita ni ya nani, jiko linakaa wapi, na kazi gani ndogo inaruhusiwa. Mpangaji aende nao mkononi siku ya kwanza, kabla ya kulipa, wakati mwenye nyumba bado anamtaka.

Mimi na mwenzangu hatukulipa zile 350,000. Tulihama, tukapata chumba kidogo zaidi upande wa Kasubi kwa mama mmoja ambaye tulimweleza yote kabla ya kutoa pesa. Alituonyesha kona ya ua, chini ya bati, akasema jiko likae pale na majivu tumwage shimoni. Hayo yalikuwa masharti yake yote kuhusu kuoka, na tumeyaandika.